Kabla Mwezi Haujaandama: Weka Sawa Makaratasi ya Duka Kabla ya Msimu wa Idi

Nauza baibui, kanzu na nguo za watoto hapa Ngamiani, Tanga, na kama wenzangu wengi wa barabara hizi za namba, mwaka wangu unabebwa na wiki chache tu. Ramadhani ikishaingia kumi la mwisho, wateja wanatoka Muheza, wanatoka Pangani, wanatoka Pemba, na kufuturu kwenyewe unafuturu umesimama. Ukiulizwa leseni siku hizo, ukaanza kupekua droo, umeshachelewa.

Mimi kazi ya makaratasi naianza Rajabu. Mwezi wa mlisho, yaani Shaabani, ukiisha iwe imekwisha, vunja jungu iwe ya kula tu. Na siianzi TRA wala ofisi ya biashara ya Jiji, ambako kila mtu hukimbilia kwanza. Naianza kwa mwenye nyumba.

Sababu ni hii. Leseni ya biashara inataka cheti cha kutodaiwa kodi, kile tunachokiita kliaransi. Ukienda TRA kuomba kliaransi, utaulizwa mkataba wa pango: umelipiwa ushuru wa stempu? Kodi ya zuio ya pango imepelekwa? Mkataba nao unataka sahihi ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko Muscat kwa mwanawe hadi baada ya Idi. Hapo kila kitu kimesimama na hakuna ofisi ya kulaumu. Kwa hiyo nenda kinyumenyume: anza na yule ambaye huwezi kumharakisha.

Mwenye nyumba ni nani hasa?

Ngamiani nyumba nyingi ni za urithi. Mzee aliyejenga amekufa zamani, watoto wapo sita, mmoja ndiye anayepita kuchukua kodi, na wapangaji tumezoea kumwita "mwenye nyumba". Anayepokea kodi na mwenye haki ya kukupangisha wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Marehemu akiacha nyumba, anayesimamia mali yake kisheria ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ana barua ya usimamizi mkononi. Omba uione, upige nakala, uibane pamoja na mkataba wako. Ukimwomba kwa adabu, mtu mwema hakasiriki. Anayekasirika amekujibu.

Jirani yangu mmoja muuza vitenge alisaini na kaka mkubwa wa nyumba, akalipa mwaka mzima. Katikati ya mfungo akaja dada mtu na kufuli lake, akafunga fremu ya duka, akasema nyumba ni ya baba yao, si ya kaka. Wazee wa mtaa waliingia kati, wakazungumza, wakapatana, lakini fremu ilifunguliwa baada ya jirani kutoa kodi nyingine. Haki yake ya kudai anayo. Migogoro ya namna hii ina Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila shauri la baraza halimalizwi kabla ya mwezi kuandama, na kitenge cha Idi hakingoji hukumu.

Kama msimamizi hajateuliwa bado, angalau warithi wote wakubwa watie sahihi, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashuhudie. Si kinga kamili, lakini hupunguza watu wa kuja na kufuli.

Ndani ya mkataba andikeni majina kamili na namba za NIDA, namba ya nyumba na barabara, kodi ni kiasi gani na ni ya muda gani, nani anatengeneza paa likivuja, na umeme wa LUKU mnagawanaje kama mita ni moja. Kama umetoa kilemba, ile fedha ya kuachiwa chumba, kwa mpangaji aliyekuachia fremu, kiwe na karatasi yake peke yake, maana mwenye nyumba hatakitambua. Halafu angalia tarehe ya mwisho ya mkataba. Usikubali mkataba unaoishia Ramadhani. Mwenye fremu anajua kama wewe unavyojua kwamba wiki hizo huwezi kuhama, kwa hiyo kodi itapanda na utakubali. Na kumbuka mwezi wetu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa Januari hadi Desemba: mkataba uliokuwa ukiisha salama miaka mitatu iliyopita unaweza sasa kuangukia katikati ya mfungo. Leseni hivyohivyo, maana yenyewe hudumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa.

Sasa kodi ya zuio, mahali ambapo watu huteta zaidi. Mpangaji wa biashara anatakiwa azuie asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba, ndani ya siku saba baada ya mwezi wa malipo kuisha. Tuseme fremu ni 150,000 kwa mwezi, unalipa mwaka mzima 1,800,000. Mwenye nyumba anapata 1,620,000 mkononi, na 180,000 inakwenda TRA kwa jina lake. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, yaani 18,000, na mkataba upigiwe stempu ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kuwa ushahidi hadi ushuru na adhabu yake vilipwe, kwa hiyo hiyo 18,000 usiione nyingi.

Wenye nyumba wengi watakwambia, "Mimi nataka yangu kamili, mambo ya TRA utajua mwenyewe." Hapo kodi ya mwenye nyumba imekuwa yako. Ukikubali, kubali ukijua, na uiingize kwenye hesabu ya bei kabla hujashikana naye mkono. Mimi hufungua mazungumzo na tarakimu hizi zimeandikwa kwenye karatasi. Ukitaja asilimia tu, mtu anakasirika. Akiona 1,620,000 kwa maandishi, na akasikia kwamba kuna cheti cha kodi ya zuio kitakachoonyesha kodi yake imelipwa, wengine hulegea. Wengine hawalegei.

TRA na daftari

Mkataba ukishakuwa na stempu, nenda TRA ukiwa huna deni la makadirio. Kodi ya mapato kwa awamu hulipwa kabla ya 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ramadhani ikiangukia Februari na Machi, kama mwaka 2026, awamu ya kwanza inakupiga siku chache baada ya Idi, wakati fedha zote za mauzo zimeshageuka mikopo ya kulipa na nguo za wanao. Tenga ya TRA mapema, iweke kwenye laini ya simu ambayo hutumii dukani.

Wadogo wengi hukadiriwa kwa mauzo ya mwaka, na hapo daftari lina thamani ya shilingi kabisa. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 hakudaiwa kodi hii. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu alilipa 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Uliyeuza milioni 5 ukiwa na daftari, ni 30,000. Daftari la kaunta la shilingi elfu chache limekuokolea 70,000. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema waliotutangulia kabla hata ya TRA. Sheria ya Fedha huja mpya kila Julai, kwa hiyo kiwango cha mwaka wako kiulize dirishani. Kumbukumbu zenyewe ziweke miaka mitano.

Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, inamhusu mwenye mauzo ya kuanzia milioni 11 kwa mwaka. Usidhani ni mbali. Fremu inayouza 35,000 kwa siku, siku 320 za mwaka, imeshapita. Na aliyekuwa chini ya hapo mwaka mzima anaweza kuvushwa na Idi peke yake. Kama unaona utavuka, jadiliana na TRA mapema kuliko kukutwa. Mwenye mashine tayari, ijaribu Shaabani: betri inakaa na chaji? Karatasi za rola zipo za kutosha hadi sikukuu? Ikiharibika siku ya kazi, toa taarifa TRA papo hapo, andika risiti za mkono, na ikitengemaa uziingize. Risiti za karatasi ile hufifia kwa joto hili letu, kwa hiyo zile ulizopewa wewe kwenye mzigo mkubwa zipige nakala au picha. Mteja akikwambia "andika ndogo" au "niache tu risiti", mwambie kosa lina watu wawili: asiyetoa na asiyedai.

Leseni, na nywila ya mtu wa steshenari

Leseni za halmashauri sasa huombwa kwenye mfumo wa TAUSI. Unaingia na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na NIDA, unajaza, unapata kontroli namba, unalipa kwa simu au benki. Rahisi, isipokuwa jambo moja: wengi wetu hufunguliwa akaunti na kijana wa steshenari, anaweka namba yake ya simu na nywila anayoijua yeye. Mwaka unaofuata steshenari imehama, kijana yuko Dar es Salaam, na wewe huwezi kuingia kwenye biashara yako mwenyewe. Mlipe kijana kwa kazi yake, lakini namba iwe yako, baruapepe iwe yako, nywila iandikwe nyuma ya daftari lako. Hivyohivyo kwa BRELA, wasajili wa majina ya biashara, kama umesajili lako.

Leseni inahusu aina ya biashara na mahali. Ukiwa na leseni ya nguo hapa, kisha ukaamua kumi la mwisho kufungua meza ya pili upande wa Tangamano, au ukaanza kuuza vipodozi kwenye kona ya duka, usidhani karatasi moja inafunika vyote. Muulize afisa biashara kwanza. Mwenye meza ya barabarani naye asipange tu: apite kwa mtendaji wa kata ajue wapi pameruhusiwa. Ukitozwa ushuru wa siku, dai risiti ya mashine, usipokee kikaratasi cha kuchana. Leseni yenyewe itundike panapoonekana.

Mzigo: mali kauli, Horohoro na mifuko

Mzigo wa Idi kwa wengi wetu huja kwa mali kauli. Tajiri wa Kariakoo anakuamini, anakupakilia kwenye basi, unauza kwanza na kulipa baadaye. Siisemi vibaya, bila mali kauli nusu ya maduka haya yasingekuwa na rangi za kuchagua. Lakini neno "kauli" lisikudanganye ukaacha kuandika. Karatasi yangu huwa fupi, namna hii:

"Leo tarehe fulani, mimi fulani wa Ngamiani, Tanga, nimepokea kutoka kwa fulani wa Kariakoo baibui 60 kwa shilingi 25,000 moja, na kanzu za watoto 40 kwa shilingi 16,000 moja, jumla 2,140,000. Nitalipa zilizouzwa kila Jumatatu kwa lipa namba yake. Zisizouzwa nitazirudisha ndani ya siku saba baada ya Idi, zikiwa na lebo zake. Nauli ya kuzirudisha ni ya mwenye mali. Mzigo ukipotea kabla sijaupokea, hasara ni ya mwenye mali. Ukipotea ukiwa dukani kwangu, hasara ni yangu."

Sahihi mbili, mashahidi wawili, kila mmoja na nakala yake. Kama yuko mbali, piga picha, tumianeni, na yeye ajibu "nimekubali" kwa namba anayoitumia kila siku.

Kwa nini nang'ang'ania hizo siku saba? Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214, mali uliyopewa kwa masharti ya kuuza au kurudisha ikikaa kwako kimya hadi muda mliokubaliana ukapita, unahesabiwa kuwa umeinunua. Mkiwa hamkuweka muda, sheria inaangalia muda wa kiasi, na "kiasi" cha tajiri na cha kwako havifanani. Hata kama huna nauli ya kurudisha mzigo, tuma taarifa kabla ya siku kufika: zimebaki kadhaa, sizichukui, njoo au nielekeze. Ujumbe huo mmoja unaweza kukutoa kwenye deni la kanzu ambazo hakuna mtoto atakayezivaa hadi mwakani, na mwakani fasheni imebadilika.

Wanaoleta bidhaa kutoka Kenya kupitia Horohoro wajue kuna utaratibu mwepesi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mzigo usiozidi dola 2,000: unapewa mpakani cheti rahisi cha uasili, na bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya na iliyomo kwenye orodha haitozwi ushuru wa forodha. Zingatia neno iliyozalishwa. Viatu vilivyoshushwa Mombasa kutoka ng'ambo havigeuki vya Kenya kwa kulala huko usiku mmoja. Na bado utalipa tozo nyingine zinazohusika, na bidhaa za chakula zitakaguliwa.

Pwani yetu ina bandari bubu, kila mtu anajua, na kila mwaka kabla ya mfungo huja mtu na sukari au mafuta ya kula kwa bei ya kutamanisha. Mzigo ukikamatwa hukamatwa ulipo, na ulipo ni dukani kwako. Aliyekuuzia keshapanda ngalawa. Swali langu kwa kila anayenifuata na mzigo wa bei hiyo ni moja tu: risiti iko wapi?

Bidhaa bandia nazo zinafuatiliwa na Tume ya Ushindani, FCC: manukato yenye jina kubwa la nje kwa shilingi elfu tatu, kandambili zenye nembo iliyokosewa herufi. "Copy" si utetezi. Kwenye vipodozi, msimu wa Idi ni msimu wa kujipamba, basi angalia usiletewe krimu zenye zebaki au haidrokwinoni, zimekatazwa. Vipodozi na chakula vipo chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019. Wauza mitumba wanajua, ila nawakumbusha, nguo za ndani za mitumba haziruhusiwi.

Mifuko. Ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Ile mbadala ya kitambaa laini iwe na uzito wa gramu 70 kwa mita ya mraba au zaidi, na jina la aliyeitengeneza lionekane. Ikiwa myepesi kiasi cha kuona mkono wako upande wa pili, irudishe kwa aliyekuuzia kabla hujanunua bunda zima.

Mkopo wa msimu

Sitakaa hapa sana. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kunyonya, inajua kalenda ya Kiislamu kuliko maimamu. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na riba kwa taasisi zisizopokea amana isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Omba kuona leseni. Usimwachie kadi ya benki na namba ya siri, wala usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Wale wa kwenye simu ndio zaidi: Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu haina riba, lakini ina mlolongo. Ukitaka ikufae Idi, kikundi chenu kianze mwaka mzima mapema.

Binti wa kusaidia

Kila duka huongeza mtu. Mtoto wa dada, jirani aliyemaliza kidato cha nne, shoga aliyekosa kazi. Kwa sababu ni ndugu hakuna anayeandika, na baada ya Idi undugu unakufa kwa ajili ya shilingi elfu arobaini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mkataba wa kazi maalumu, ambao ndio unaofaa msimu: kazi ni ipi, inaanza lini, inaisha lini, malipo ni kiasi gani na yanatolewa siku gani. Mwandikie. Aliye chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, hata awe wa kwako na mjanja wa kuuza vipi. Wa miaka 14 hadi 18 apewe kazi nyepesi isiyogusa masomo yake.

Saa za kazi za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni mara moja na nusu ya malipo ya saa. Wenye maduka tujiangalie hapa: tunafungua saa tatu asubuhi, tunapumzika alasiri kwa ajili ya futari, tunarudi baada ya tarawehe hadi saa sita ya usiku. Kuanzia saa mbili usiku sheria inahesabu kazi ya usiku, na kuna nyongeza ya asilimia 5. Siku ya sikukuu ya kitaifa, na Idi ni mojawapo, kazi ni malipo mara mbili. Kwa hiyo ukisema "nitakupa laki moja ya msimu", kaa chini upige hesabu kama laki hiyo inafika kima cha chini cha sekta yako pamoja na saa hizo za ziada. Kumbuka pia NSSF ya asilimia 20 ya mshahara, na mwajiriwa hakatwi zaidi ya nusu yake, na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF.

Fedha zikipungua kwenye droo? Usikate tu mshahara jioni kwa hasira. Anza msimu kwa kuandika: kila zamu, anayeingia na anayetoka wanahesabu pamoja na kutia sahihi daftarini. Imenisaidia kuliko kamera.

Mteja, advansi na fundi

Mafundi cherehani, hii ni yenu. Nguo ya Idi ikitoka Idi pili, imetoka bure. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inasema pale ambapo muda ndio roho ya makubaliano na wewe ukashindwa, mteja anaweza kuyavunja na kudai chake. Hakuna hakimu atakayehitaji kuelezwa kwamba gauni la Idi lilihitajika Idi. Kila kitambaa kiwe na kikaratasi: jina, vipimo, mita ngapi zimepokelewa, advansi kiasi gani, siku ya kuchukua. Na uwe na siku ya kufunga kupokea, uibandike ukutani, kisha uiheshimu hata akija mke wa sheikh.

Wenye maduka nao hupenda kibao cha "Mali ikishauzwa hairudishwi". Bandika, lakini usikitegemee kwa kila kitu. Mteja akibadili mawazo kuhusu rangi, ni shauri lake. Ulichomwambia ni hariri kikawa nailoni, au ulichomwonyesha sampuli kikawa kingine, kibao hakikuokoi, kwa kuwa sheria inataka bidhaa ifanane na maelezo na sampuli yake. Vivyo hivyo kutangaza baibui za 15,000 ukiwa nazo mbili tu za kuvutia watu waingie. Sheria ya ushindani ya 2003 inakataza chambo cha aina hiyo.

Orodha ya namba za wateja kwenye simu, na picha za wateja waliopendeza unazorusha stetasi, sasa zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Muulize mtu kabla hujamrusha. Hapa Tanga picha ya mke wa mtu akijaribu baibui imeshavunja amani ya nyumba kabla hata sheria haijaja.

Wauza futari, yaani vitumbua, kaimati, mikate ya kumimina: wanaoshika chakula wanapimwa afya kila miezi sita, na cheti kiwe mahali ulipo, kisibaki nyumbani. Anayefungasha visheti au kashata kwa ajili ya kuuza dukani azungumze na shirika la viwanda vidogo, SIDO, wampe barua ya kwenda TBS, wana nafuu kwa wajasiriamali wadogo. Muuza tende na nyama kwa kilo, mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Stika ya mwaka jana si ya mwaka huu.

Wakija wakaguzi

Faili langu ni la kawaida, la plastiki ngumu, linakaa chini ya kaunta upande wa kushoto, na kila anayeshika duka anajua lilipo. Ndani mna nakala za leseni, TIN, kliaransi, mkataba wenye stempu, barua ya usimamizi wa mirathi ya nyumba, cheti cha zimamoto, mikataba ya wasaidizi, karatasi za mali kauli na risiti za mizigo. Halisi ziko nyumbani, isipokuwa leseni iliyoko ukutani.

Mkaguzi akiingia, msalimie, mpe kiti, mwombe kitambulisho, andika jina na ofisi yake daftarini mbele yake. Akikuta kosa, aliandike. Faini halali hulipwa kwa kontroli namba, si mkononi, na si kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Binti wa dukani umfundishe sentensi moja ya kusema ukiwa haupo: "Mwenye duka nampigia, naomba usubiri au uache barua." Asifungue droo. Akilazimishwa kutoa chochote bila risiti, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113, nimeiandika kwa kalamu nene kwenye jalada la faili.